Mteremko Hauna Mwenyewe

Hapa Kinanira, Bujumbura, tunaufunika udongo. Mwenye nyumba akishalipa ada za watoto na kubakiwa na faranga kidogo, jambo la kwanza analowaza ni kutia saruji uani, toka getini hadi jikoni, ukuta hadi ukuta. Simlaumu. Anayeishi hapa analijua vumbi la Julai linalotua ndani ya sahani, na tope la Machi linalofuatana na watoto hadi kitandani. Mama anayefagia ua wa udongo alfajiri, kisha akaufagia tena adhuhuri, ana haki ya kutaka sakafu.

Nasi nyumbani tuliitaka. Tulichagua matofali ya kuchoma, tukakubaliana kuyatandika wenyewe, mimi na wanangu, kiangazi kikiwa kimekolea. Kazi hiyo imenifundisha jambo linalotuhusu wote tunaoishi kwenye mteremko huu: ua wako ni mali yako mpaka mvua inyeshe. Ikinyesha, ua huo unakuwa shauri la mtaa mzima.

Tazama tulipokaa. Mtaa wetu uko kati ya mto Muha na mto Kanyosha. Nyuma yetu kuna milima ya Mumirwa inayopanda hadi karibu mita 2,000, na mbele yetu kuna Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Umbali wa katikati ni mfupi. Maji yanayoanguka juu hayana muda wa kutulia. Yanashuka kwa kasi, na kila kinachoyazuia yasipenye ardhini kinayaongezea nguvu.

Kutandika matofali ni kazi inayomfaa mtu asiye fundi, mradi awe na subira. Tulichimba sentimita 25 hivi, tukashindilia udongo wa chini, tukamwaga kokoto kwa matabaka na kupiga kila tabaka kwa kigogo mpaka kisigino kisiache alama. Juu ya kokoto tulisawazisha mchanga kwa ubao, unene wa sentimita 4, kisha matofali yakafuata uzi. Kingoni tulikaza kwa mawe na saruji, maana pasipo kingo imara mchanga hutoroka na matofali huanza kutengana. Mwisho tulifagia mchanga mkavu ndani ya nafasi zote. Wanangu walijifunza kuchagua tofali kwa sikio. Ukigonganisha mawili yaliyoiva, mlio wake ni mkali na safi. Lisiloiva lina mlio mzito, nalo halivumilii masika.

Uzi wenyewe ndio uliotuletea swali kubwa. Sakafu ya nje haiwekwi sawa kabisa: huinamishwa sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili maji yasituame. Kuinamisha ni lazima, lakini kuinamisha kuelekea wapi? Ardhi yetu ilishaamua zamani, inashuka kuelekea ukuta wa jirani wa chini. Mzee huyo alisikia majembe, akaja getini, akatazama uzi kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, kazi ni nzuri. Na maji yake umeyapangia kwenda wapi?"

Nilimjibu, "Karibu ndani, mzee, tuyatafutie njia pamoja." Tulizunguka ukuta wote. Alinionyesha mahali ambapo mvua za mwaka uliopita zilipita chini ya msingi wake. Jioni ile tulihamisha vigingi vya uzi. Sakafu yetu sasa inainamia migomba, na mbele ya migomba tumechimba shimo na kulijaza mawe ili maji yazame taratibu. Liko mbali na misingi ya nyumba zote mbili. Anayeishi ukingoni mwa korongo asichimbe shimo la namna hiyo karibu na ukingo, kwa sababu udongo ulioloa maji ndio unaoporomoka. Huyo ni bora ayaongoze maji yake hadi kwenye mtaro uliojengwa.

Hesabu yake kila mtu anaweza kuifanya. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ua wa saruji wa mita za mraba 100, ukipokea mvua ya milimita 40 katika alasiri moja, unamwaga karibu lita 4,000, yaani bidoni 200 za lita 20. Paa lenye ukubwa huohuo linamwaga bidoni nyingine 200. Hakuna kati yetu ambaye angesimama ukutani na kummiminia jirani bidoni 400. Tunaiachia mvua itufanyie, kisha tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Mji huu umekwisha kuonyeshwa maji yanaweza kufanya nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yaliipiga kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge, Kinama na Buterere, yakaua watu zaidi ya 60. Mto Ntahangwa umekuwa ukila kingo zake miaka nenda rudi, na nyumba za Mugoboka zimeporomoka pamoja na kingo hizo. Chanzo cha misiba hiyo ni zaidi ya nyua zetu. Kuna milima iliyonyolewa miti, kuna mitaro iliyoziba, kuna mchanga na mawe yanayochimbwa mitoni ili tujengee nyumba hizihizi. Lakini mto haujai peke yake. Unajazwa na mifereji, mifereji inajazwa na mitaro, na mitaro inaanzia kwenye mageti yetu.

Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mara nyingi tunaikumbuka methali hii tunapohitaji msaada: mgonjwa usiku, msiba, chumvi iliyokwisha. Mimi naisoma pia kama wajibu. Jirani wa karibu ndiye anayeweza kuumizwa na starehe yangu kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Kumheshimu ni kumshirikisha kabla ya jembe la kwanza, wakati kigingi bado kinahamishika. Saruji ikishakauka, kinachobaki ni kesi kwa mkuu wa mtaa.

Kila Jumamosi asubuhi tunatoka kwa kazi za jamii na kuzibua mitaro iliyojaa mchanga. Ni desturi nzuri na nisingependa ife. Ila mchanga ule umetoka nyumbani kwetu, umesukumwa na maji tuliyokataa kuyapa nafasi ya kuzama. Basi kila nyumba iache kipande cha udongo kwa migomba au maua, ikinge maji ya paa kwenye pipa, itandike matofali yanayopitisha maji pale inapoweza. Kazi ya Jumamosi ianzie ndani ya geti, siku yoyote ya juma, bila kusubiri kuitwa.