Sukari ya Siri Katika Ndoa



Mama mmoja ameniandikia barua ya kurasa tatu kuhusu vijiko vya sukari. Usicheke. Mimi nilianza kuisoma nikicheka, nikaimaliza nimenyamaza.

Anasema mumewe alipimwa uzito kliniki, na muuguzi akamshauri apunguze kilo tano hivi. Si mgonjwa. Presha imepanda kidogo tu, na suruali zimeanza kumbana. Lakini bwana huyu amependa vitu vitamu tangu utoto wake: chai ya vijiko vitatu, maandazi, biskuti, na soda kila siku ya soko. Alirudi nyumbani akaahidi mbele ya watoto kwamba ameacha. Basi mama huyu, kwa kutaka kumsaidia, akaanza kupunguza sukari katika sufuria ya chai bila kusema neno. Wiki ya kwanza akatoa kijiko kimoja, wiki ya pili akatoa kingine. Mume akalalamika kwamba chai imekuwa maji matupu, akauliza kama siku hizi nyumba imefilisika. Mama akajibu kwamba sukari ya siku hizi haikolei. Halafu siku moja alipokuwa akifua koti la mumewe, alikuta mfukoni karatasi nne za biskuti, zimekunjwa vizuri kama barua. Swali lake ni hili: "Kati yetu sisi wawili, nani amekosa?"

Kabla sijajibu, ni haki nikiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwa yule mwenye koti.

Miaka saba iliyopita goti langu la kulia lilianza kunisumbua. Mizani ya zahanati ilisoma kilo 91, nikaambiwa nikipunguza kilo sita goti litanishukuru. Sasa, anayeifahamu kazi ya katekista anajua kwamba inafanywa kwa miguu na kwa vikombe. Unatembelea jumuiya ndogo ndogo, nyumba baada ya nyumba, na katika kila nyumba chai imekwisha kupikwa, maziwa na sukari vyote ndani ya sufuria moja. Ukiikataa utaambiwa unawadharau, au una neno nao. Nyumba tano, vikombe vitano, na kando ya kila kikombe kuna sahani. Kwa hiyo nilimwambia mke wangu kwamba kosa si langu, ni la ukarimu wa Wakristo.

Lakini hakuna Mkristo aliyenilazimisha kusimama kwenye kile kibanda karibu na stendi kila jioni nikirudi nyumbani. Pale nilinunua maandazi mawili, nikayala nimeipa barabara mgongo, nikapangusa mdomo, nikaingia nyumbani na kukaa mezani kama mtu aliyefunga tangu asubuhi. Mke wangu alijua tangu siku ya kwanza. Maandazi ya kibanda kile hunyunyiziwa sukari juu, na mimi nina masharubu.

Alinyamaza karibu mwezi mzima. Kisha usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, akaniambia bila kupandisha sauti: "Baba watoto, hizo kilo ni zako. Lakini kama unaweza kunificha andazi, siku utakapokuwa na jambo kubwa la kuficha utakuwa umeshazoea."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Sasa tulitazame jambo lenyewe polepole. Je, kupenda vitamu ni kosa? Wapo wanaosema ni udhaifu, kwamba mtu mzima kulilia biskuti ni aibu. Mimi sikubali. Mtoto mchanga huzaliwa tayari anapenda utamu, na maziwa ya mama yake ni matamu. Hakufundishwa na mtu. Tulipokuwa mafunzoni kama makatekista tulisoma kidogo mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, na jambo moja lilinishangaza. Ni kweli anauhesabu ulafi kuwa dhambi, na hapo anamfuata Papa Gregori Mkuu aliyeonyesha kwamba ulafi si kula kingi tu: mtu aweza pia kuwa mlafi kwa kula kabla ya wakati, kwa kutaka vya bei kubwa, kwa kudai mapishi ya kujisumbua, au kwa kukirukia chakula kwa pupa. Lakini Tomaso anasema pia kwamba kuna kosa la upande wa pili, la mtu anayekataa kila raha ya mwili hata ile ambayo maumbile yenyewe yanaihitaji. Huyo naye hajafikia kiasi, amepita tu upande mwingine wa barabara. Nimewaona watu wa namna hiyo wakati wa Kwaresima. Wameacha sukari siku arobaini, na siku arobaini nyumba nzima haina amani kwa sababu yao.

Basi utamu ni kitu chema. Shida yetu nyingi, naona, ni kwamba utamu tunaoutia mwilini hata hatuuonji.

Hebu chukua kalamu tufanye hesabu. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu nne hivi. Mtu anayetia vijiko vitatu katika kikombe, akanywa vikombe vinne kwa siku, amekunywa vijiko 12, yaani gramu 48. Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya kilo 17, karibu pakiti tisa za kilo mbili. Ziweke pakiti hizo kwa mawazo juu ya meza yako uzitazame. Soda moja ya mililita 300 aghalabu huwa na karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba au vinane. Nalo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, na kwamba ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Nusu hiyo ni kama vijiko sita kwa siku kwa mtu mzima. Asali imo ndani ya hesabu hiyo, na maji ya matunda pia, ingawa wengi hudhani havihesabiwi.

Lakini nilichotaka uone si ukubwa wa hesabu. Jiulize ni vijiko vingapi kati ya vile 12 ulivyovifurahia. Chai ya asubuhi unainywa ukitafuta kiatu cha mtoto. Ya saa nne unainywa ukizungumza. Ile ya jioni, baada ya jua na vumbi, pengine hiyo unaionja kweli. Nilipojichunguza niligundua kwamba utamu niliokuwa naufurahia ulikuwa kidogo sana, na uliobaki ulikuwa mazoea tu. Mazoea huweza kuachwa bila kuacha furaha. Chai yangu ya asubuhi siku hizi haina sukari kabisa. Wiki tatu za kwanza ilikuwa adhabu, sitadanganya, kisha ulimi ukasahau.

Tena kilo zenyewe zinazotakiwa mara nyingi si nyingi. Kule Marekani kulichapishwa mwaka 2002 utafiti uliohusu zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na katika kundi hilo waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa. Asilimia 7 ya kilo 91 ni kilo sita na kidogo. Haihitaji mtu kurudi katika suruali ya harusi.

Nirudi sasa kwa mama yetu na sufuria yake.

Mama, ulitenda kwa upendo, na upishi ni kazi yako kwa mapatano ya nyumba yenu. Ungeweza kusema, "Mimi ndiye ninayepika, nitatia ninachoona kinafaa." Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni sawa. Lakini mume wako si mtoto, na hapo ndipo naona kosa lako, dogo, lakini lipo. Ulipopunguza sukari kwa siri ulimwondolea nafasi ya kuipunguza mwenyewe. Mtu aliyepunguziwa bila kujua hajajifunza kiasi, amefanyiwa tu. Ndiyo maana utamu uliomtoa katika sufuria ulimfuata katika koti. Naye alipouliza ukamjibu kwa uongo, na hapo jambo likaacha kuwa la sukari.

Utaniuliza, je, kama ni kwa ajili ya uhai wake? Nimelifikiria sana swali hilo. Lakini hata mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa anahitaji kujua kilichomo katika chakula chake, maana baadhi ya dawa hizo hupimwa zikilingana na anachokula, na chakula kikibadilishwa bila yeye kujua sukari ya mwili yaweza kushuka ghafula. Ikiwa mgonjwa ana haki ya kujua, mzima je?

Na wewe, baba mwenye koti, kama mkeo anakusomea ukurasa huu, usifikiri umeponyoka. Kosa lako naliona kubwa zaidi, kwa sababu mkeo alificha kwa ajili yako, wewe ulificha kwa ajili yako mwenyewe. Ahadi uliitoa hadharani, ukaivunja gizani. Afadhali ungerudi nyumbani ukasema, "Mama watoto, leo nimeshindwa, nimekula biskuti nne." Angekasirika kidogo, kisha mngecheka.

Hapa wanaume wataniuliza mbona mtu afiche kama nyumbani anaweza kusema. Wanaficha kwa sababu ya ndimi zetu. Nawajua waume wanaowaita wake zao kwa majina ya wanyama wakubwa, wakisema ni mzaha, na mke akicheka mbele ya wageni hudhani mzaha umekubaliwa. Nawajua pia wake wanaohesabu matonge. Mtu akihesabiwa matonge mezani atatafuta mahali pasipo na mhesabu. Na kuna wazazi wetu, ambao kwao mume kunenepa baada ya harusi ni sifa ya mkewe. Kilo zangu nne za kwanza zilipotoka, mama yangu mzazi alimwita mke wangu kando na kumuuliza kama siku hizi tunapatana. Majirani nao waliuliza kwa sauti ya chini kama nimepimwa. Basi mke alibeba lawama kwa ajili ya goti langu. Ilinipasa mimi, si yeye, kwenda kwa mama na kumweleza, nikachelewa. Kama unapunguza mwili, msomaji, wewe ndiwe wa kuwaambia watu wa kwenu, usimwachie mwenzako ajitetee.

Kwetu tulikubaliana mambo machache. Chai inapikwa bila sukari na bakuli la sukari linakaa mezani, kila mtu akijitilia mbele ya wenzake. Watoto walinung'unika, sasa wawili kati yao hawatii kabisa. Ninapotembelea nyumba naomba nusu kikombe tangu mwanzo, kabla hakijajazwa, na namweleza mwenye nyumba habari ya goti. Hakuna aliyekasirika hata mmoja, wengi walianza kunieleza habari za magoti yao. Vile vidonge vya kutia utamu hatukuvijaribu, na nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri vitamu vya namna hiyo visitegemewe kwa kupunguza uzito. Kilo zilitoka nne kwa mwaka mmoja, moja ikarudi Krismasi na imekataa kuondoka. Goti ni zima.

Kwa hiyo, mama, usianze na zile karatasi za biskuti. Ziache mahali ulipozikuta. Leo jioni, kabla mumeo hajaonja chai, mwambie habari ya sufuria: kwamba sukari inakolea kama zamani, ila wewe umekuwa ukiipunguza, na kwamba ulimdanganya alipokuuliza. Kisha nyamaza umpe muda. Nina hakika mkono wake utaanza kupapasa koti.

Sisi Jumapili baada ya Misa hununua vipande viwili vya keki, tukavila mezani kwetu, mlango ukiwa wazi. Yeye hupenda cha katikati kilicho laini, mimi napenda cha pembeni kilichokauka kidogo, kwa hiyo bado hatujagombana.