Jembe la Siku ya Tatu

Kenya ina kibali cha daraja K kwa mgeni anayetaka kuishi nchini humo bila kuajiriwa. Masharti yake makubwa ni umri usiopungua miaka 35 na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Thailand humtaka mstaafu awe ametimiza miaka 50 na awe na baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kila mwezi. Panama huridhika na pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, mradi iwe ya maisha. Dubai ilipowafungulia wastaafu mlango mwaka 2020, ilianzia miaka 55 na kutaka kipato cha dirham 20,000 kwa mwezi, au akiba ya dirham milioni moja, au nyumba ya thamani kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa mtu wa Mtua, kusini mwa Tanzania, kwenye vijiji vya Nachingwea na Ruangwa vilivyozungukwa na mikorosho, masharti haya yana pengo moja la kushangaza. Yanauliza mwombaji ana nini, ana umri gani, afya yake ikoje na polisi wa kwao wanasemaje juu yake. Hayaulizi anamjua nani huko anakotaka kuzeekea, wala amewahi kuwafanyia nini watu wa huko. Na karibu yote yanakutana kwenye katazo moja: mwenye viza ya kustaafu asifanye kazi.

Wahenga wa Kiswahili walilitazama suala la mgeni kwa jicho tofauti kabisa. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa sana kwa kumsema mgeni aliyeganda, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya namna mtu anavyokuwa wa mahali fulani. Anayepewa jembe anaambiwa kwamba sasa chakula cha nyumba hii kinamhusu: akilima atakula, asipolima wote watapungukiwa. Hapo ugeni umeanza kuisha. Viza ya kustaafu inamwambia mgeni kinyume chake: kaa miaka ishirini ukitaka, ila jembe usiliguse.

Ni nani, basi, mwenye haki ya kuzeekea mahali ambapo hakuzaliwa?

Mwaka 1795 Immanuel Kant aliandika kwamba kila binadamu ana haki ya kuzuru nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, kwa sababu dunia ni duara na watu hawawezi kutawanyika bila mwisho. Lazima mwishowe wavumiliane. Lakini aliishia kwenye kuzuru. Haki ya kukaa, alisema, inahitaji mapatano maalumu. Mataifa yamemfuata mpaka leo, na viza ya kustaafu ni mapatano ya namna hiyo. Kasoro yake iko katika aina ya mapatano, maana upande mmoja unatoa fedha na mwingine unatoa muda, na hakuna upande unaoahidi kumtunza mwenzake.

Nachingwea ni mahali pazuri pa kulipima wazo hili la mapatano, kwa sababu imepokea wageni wa kila aina katika kipindi cha maisha ya mtu mmoja.

Wa kwanza walikuja na mikataba. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Walikuja askari waliotoka Vita Kuu ya Pili, mafundi wa matrekta, wahasibu, madaktari. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Lindi kupanda hadi Nachingwea. Walikuwa na mishahara, nyumba na vibali, yaani kila kitu ambacho leo kinadaiwa kwenye fomu. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 36, nao wakaanza kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa. Kata ya Stesheni ipo mpaka leo bila treni.

Wa pili hawakuwa na karatasi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, watu walivuka mto Ruvuma na watoto mgongoni. Serikali iliwapangia makazi Rutamba, mkoani Lindi, na baadaye Matekwe, wilayani Nachingwea. Hapohapo Nachingwea chama cha ukombozi cha FRELIMO kilikuwa na kambi yake kubwa ya mafunzo, alikofanyia kazi Samora Machel kabla ya kuwa rais wa nchi huru tarehe 25 Juni 1975. Baada ya uhuru wengi walirudi kwao. Wapo waliobaki, kwa kuwa miaka kumi inatosha mtu kuoa, kuzika mzazi na kupanda mikorosho.

Kupanda mikorosho si jambo la kutaja na kupita. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, hukomaa miaka kadhaa baadaye, kisha huendelea kumlisha aliyeupanda kwa miongo. Kila mwaka shamba lazima lipaliliwe na moto uzuiwe. Maua yakichanua, salfa inapulizwa alfajiri kabla upepo haujaanza, la sivyo ubwiri unga utayaunguza. Msimu ukifika, familia nzima inainama chini ya miti kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika, kuchambua, kujaza magunia. Anayepanda mkorosho akiwa na miaka thelathini anapanga kuwa bado yupo hapo akiwa na sabini. Ni vigumu kupata tamko la nia ya kukaa lililo wazi kuliko hilo, na hakuna dirisha la uhamiaji linalolipokea.

Hata wenyeji waliwahi kutenganishwa na miti yao. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu wengi wa Kusini mbali na mashamba yao, na ni moja ya sababu za mavuno ya korosho ya nchi kuporomoka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Katika vijiji vipya aliyezaliwa ng'ambo hii ya Ruvuma na aliyezaliwa ng'ambo ile walianza upya wote wawili, bega kwa bega.

Tuseme yupo Mtua leo mzee aliyetoka Msumbiji, mwenye miaka themanini, aliyefika akiwa kijana. Desturi ya Kusini ilishampokea zamani. Kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamume aliyeoa huhamia ukweni na kuanza kwa kulima shamba la wakwe. Kwa kipimo hicho kila mume kijijini alikuja mgeni akapewa jembe, na aliyetoka Msumbiji hakutofautiana na aliyetoka Liwale ila kwa urefu wa safari. Utani nao ulimpa nafasi msibani: kuna watu wenye haki ya kumfanyia masihara hata siku ya maziko yake, na wajibu wa kusaidia kumzika.

Karatasi ndizo zinazomsumbua. Korosho zinauzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na minada ya chama kikuu cha Runali, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na malipo yanapita benki. Akaunti inataka kitambulisho. Laini ya simu, tangu usajili wa alama za vidole, inataka namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. NIDA inataka uthibitisho wa uraia, na katika maeneo yaliyo karibu na mpaka maofisa huuliza zaidi: baba alizaliwa wapi, babu je? Basi korosho zinauzwa kwa jina la mwanawe au la mkwewe, na mzee aliyepanda miti anasubiri kugawiwa.

Je, aombe kukaa kama mstaafu? Vibali vya ukaazi vya Tanzania vina madaraja matatu: A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa makundi mengine, wakiwemo wamisionari, wanafunzi na watafiti. Mstaafu wa kigeni huangukia C. Lakini kustaafu kunadai kwanza uwe umeajiriwa. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mkulima hupunguza eneo la kulima kadiri magoti yanavyokataa. Zanzibar imeliona hilo, na tangu Aprili 2016 inatoa pensheni jamii kwa kila mkaazi wake aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au alivua samaki. Tanzania Bara haijafika huko. Kwa lugha ya fomu za viza, mzee wa korosho hajawahi kufanya kazi na hajawahi kuiacha.

Masharti haya yanambana pia anayekuja kutoka upande wa pili. Mtu aliyezaliwa Ruangwa, akaenda Uingereza, akafanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na kuchukua uraia wa huko, amepoteza uraia wa Tanzania, kwa kuwa sheria ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Akitaka kuzeekea kwao, anaomba ruhusa ya kuingia nyumba aliyozaliwa. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania, na hiyo ni hatua ya maana. Kipato chake nacho kina mtego: pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi mwaka hadi mwaka kwa anayeishi Tanzania, hivyo kiasi kilichomtosha akiwa na miaka 67 hakitamtosha akiwa na 85. Na kama angetaka mama yake amfuate huko, Uingereza ilifunga mlango wa wastaafu wenye kipato chao mwaka 2008, na tangu Julai 2012 mzazi hukubaliwa tu akithibitisha kwamba anahitaji uangalizi wa kila siku usiopatikana kwao. Yaani mama lazima kwanza ashindwe kujihudumia.

Serikali zina hoja, na ni hoja nzito. Uzee una gharama: hospitali, dawa, kitanda. Ardhi nayo hupanda bei wageni wenye fedha wanapofika, na kijana wa Paje au Nungwi, Zanzibar, analijua hilo kuliko mwanafalsafa yeyote. Tangu vita vilipoanza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, na hasa baada ya shambulio la Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020, ofisa anayemhoji mtu mwenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma ana sababu ya kuwa makini. Fedha pia ni rahisi kukagua. Taarifa ya benki inasomwa kwa dakika tano, ilhali miaka hamsini ya ujirani inadai kusikiliza watu.

Lakini urahisi wa kukagua usigeuzwe kuwa haki. Kibali cha mstaafu huhuishwa, na kila kikihuishwa swali ni lilelile: bado unaweza kujilipia? Mtu huulizwa akiwa na sabini, huulizwa tena akiwa na themanini, hadi afike siku ambayo jibu la kweli ni hapana. Siku hiyo ndiyo uzee wenyewe. Masharti yanamkaribisha mtu kwa miaka yote isipokuwa ile anayohitaji mahali pa kuwa. Kuzeeka ni kufikia wakati wa kuwalemea wengine, na anayeweza kuwalemea bila kuona aibu ni yule ambaye na yeye aliwahi kulemewa: alibeba maji ya msiba wao, alipulizia salfa shamba la jirani aliyelazwa. Jembe la siku ya tatu lilikuwa linaanzisha deni hilo la pande mbili. Mapatano ya fedha yanalizuia lisianze.

Inawezekana kuhesabu miaka badala ya dola, kwa maana imeshafanyika. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchini Kenya, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kulima mkonge kabla ya uhuru, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho. Wenye umri mkubwa miongoni mwao waliweza kuomba posho ya wazee ya serikali kwa majina yao wenyewe.

Sheria ya uraia ya Tanzania tayari inamtaka mwombaji awe amekaa nchini miaka kadhaa, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na mwenendo mwema. Mzee wa Mtua anatimiza yote. Anachokosa ni ada na hati inayoonyesha aliingia lini. Tarehe hiyo inaweza kutafutwa: kwenye daftari la wakazi la kijiji, kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni ya Mnero, kwenye orodha za makazi ya Matekwe, kwa mashahidi waliooa wakati mmoja naye. Baraza la kijiji likipewa uwezo wa kuthibitisha miaka hiyo mbele ya ofisa uhamiaji wa wilaya, na ada ikafutwa kwa aliyepita miaka 70, kazi hiyo ingemalizika ndani ya misimu michache ya korosho, wakati wahusika bado wako hai.