Sindano Isiyo na Dawa

Nililala kifudifudi kwenye kitanda chembamba, uso umeingia kwenye tundu, nikitazama viatu vya daktari wa fiziotherapia. Alikuwa akibonyeza bega langu la kulia polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akafika mahali nikaruka.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Akaingiza sindano nyembamba, akaisukuma na kuivuta kidogo, na ghafla msuli ukashtuka wenyewe, bila ruhusa yangu. "Umesikia huo? Umeruka. Ndio unaokusumbua."

Nikaanza kulia. Si kwa uchungu, maana ulikuwa wa sekunde moja tu. Nililia kwa sababu kwa miezi saba hakuna mtu aliyekuwa ameona kitu.

Mimi huandika kwa malipo ya kazi moja moja: maelezo ya bidhaa, wasifu wa kampuni, hotuba za watu wasiojua kuhutubu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, nikahamia kwenye kiti cha plastiki na kompyuta ya mtumba. Bega lilipoanza kuwaka nilienda zahanati, nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa iko sawa, sina kitu. Mama naye akaguna tu. "Kazi ya kukaa ndiyo inakuumiza? Basi sisi tusemeje?" Nikaanza kujiuliza kama najifanya.

Hilo ndilo swali ambalo sijaweza kuliacha tangu siku ile: je, maumivu yanahitaji shahidi ndipo yawe ya kweli?

Sindano yenyewe haisaidii kulijibu. Huitwa sindano kavu kwa sababu haibebi dawa. Ni uzi wa chuma tu, hauna hata tundu la kupitisha kitu. Daktari Mmarekani Janet Travell, aliyemtibu John F. Kennedy maumivu ya mgongo, alitumia miaka mingi kuchora ramani ya vifundo vya misuli: sehemu ndogo zilizokaza ambazo ukizibonyeza hupeleka maumivu mbali, shingo ikakuumiza kichwa. Mwaka 1983, yeye na mwenzake David Simons walichapisha kitabu kikubwa kuhusu vifundo hivyo. Travell alikuwa akidunga dawa ya ganzi. Lakini mwaka 1979, Karel Lewit, daktari wa Chekoslovakia, aliandika kwamba nafuu inaweza kuletwa na sindano yenyewe, ikigusa pale panapouma zaidi. Wachina nao walikuwa wamedunga watu sindano nyembamba kwa karne nyingi, wakiwa na maelezo mengine kabisa ya kwa nini zinasaidia.

Rafiki yangu mmoja alicheka. "Yaani ulitoa 3,000 ukadungwa hewa?"

Na shida ni kwamba siwezi kumjibu vizuri. Watafiti wakitaka kuipima tiba hii, huwapa baadhi ya wagonjwa sindano ya uongo, butu, isiyopenya ngozi. Mara nyingi hata hao hupata nafuu kiasi. Wanaodungwa kweli huweza kuwazidi, hasa kwa muda mfupi, lakini si kwa umbali ambao mabango ya kliniki yanataka tuamini. Sasa nafuu yangu ilitoka wapi? Kwenye msuli, kwenye vidole vyake, ama kwenye kule kuambiwa "ndio huo"?

Wengi wetu tunafikiri hivi: kama imani imekuponya, basi hukuwa unaumwa. Mimi naona hoja hiyo imepinda. Mtoto akianguka hukimbilia kwa mamake, akapulizwa goti, akanyamaza. Hakuna anayesema goti halikuchubuka. Uchungu ukipungua kwa kuguswa haimaanishi haukuwepo. Inamaanisha uchungu hausikii dawa peke yake, unasikia pia watu.

Kiswahili kina sindano kavu yake: neno "pole". Halina dawa ndani. Haliungi mfupa wala halirudishi pesa zilizoibwa. Lakini jaribu kumsimulia msiba wako mtu asiyelisema, uone. Ubaya ni kwamba pole nayo huwa butu. Bosi aliyekalia pesa zako miezi miwili pia hukuambia pole, na haikugusi popote. Yule daktari hakuniamini tu, alitafuta. Nadhani tofauti iko hapo. Imani yenye maana ni ile inayouliza, "wapi?"

Nilipofika hapo katika mawazo yangu, dhamiri ikanishika shati. Mama yangu ni mama fua. Karo yangu yote niliyopoteza aliilipa kwa mgongo, 700 kwa siku, ameinama juu ya beseni za watu. Akirudi jioni alikuwa anasema, "Nimechoka tu," nami nikalichukua hilo "tu" kama ruhusa ya kutouliza zaidi. Nilitaka dunia nzima iliamini bega langu, na sikuwa nimewahi kuuliza habari za mgongo uliolibeba. Tena zile 3,000 nilizolipia nusu saa ni zaidi ya siku nne zake za kufua.

Tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni methali ya kututia adabu, tusiwahukumu wengine. Lakini pia tumeifanya kisingizio: kwa kuwa siwezi kujua, basi siulizi. Kumbe mwenye kitanda yupo, na anaongea.

Jumamosi nilienda kwake. Nikamwambia nitamlipia akadungwe. "Mimi nidungwe bila dawa? Hizo pesa leta unga." Sawa. Nikamuuliza anaumwa wapi. "Kila mahali." Nikauliza tena. Akanyamaza, kisha akaelekeza kidole nyuma ya bega la kushoto. "Hapa kulianza ukiwa kidato cha pili."

Sindano ni kazi ya waliosomea, maana ikienda vibaya hapo inaweza kutoboa pafu. Mimi nilitumia kidole gumba, nikabonyeza polepole hadi akashtuka.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Sidanganyi mtu kwamba nimemponya. Hata bega langu limeanza kukaza tena. Jumatatu aliinama juu ya beseni kama kawaida, kwa sababu kidole gumba hakilipi kodi ya nyumba. Nilienda naye nikabeba maji, na nitaenda Jumatatu ijayo. Ni kidogo, lakini sasa najua mahali panapouma, na mtu akishajua mahali hawezi tena kusema hakuna kitu.