Kuanza Kufundisha Baada ya Mvi



Katika miji yetu ya pwani ni jambo la kawaida mtu kumaliza kazi yake ya bandarini, ya dukani au ya serikali, akapumzika barazani miezi mitatu minne, kisha wazee wa msikiti wakamwendea na kumwomba ashike chuo. Kenya, hadi mwaka 2009, mtumishi wa serikali alikuwa akistaafu kwa miaka 55. Sasa ni 60. Mtu wa umri huo nguvu bado anazo, ndevu zimeshageuka rangi, na apitapo njiani watoto humpa mkono na kuubusu. Basi watu husema: huyu ndiye. Lakini je, mvi ni ushahidi wa elimu? Na kama si ushahidi, mtu huyu anadaiwa nini na watoto watakaokaa mbele yake?

Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu shehena kwa miaka 26, na nilianza kufundisha nikiwa na miaka 54. Kwa hivyo swali hili si la kusikia kwa watu.

Wako wanaojifariji kwa kusema kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipewa utume akiwa na miaka 40. Mfano huu mimi siupendi. Utume hausomewi wala hauombwi, na sisi si watu wa kujipima kwa kipimo hicho. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Abu Bakr al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 Hijria, yaani 1026. Alikuwa fundi wa makufuli, na jina lenyewe la Qaffal ndiyo maana yake. Amesimuliwa kwamba alitengeneza kufuli dogo ajabu, pamoja na ufunguo wake, lenye uzito wa punje chache tu. Umri wake ulipofika kiasi cha miaka 30 aliacha ufundi akaanza kusoma fiqhi, na mwisho wake akawa mkubwa wa wanavyuoni wa Kishafii wa Khurasani. Mwanafunzi wake Abu Muhammad al-Juwayni alimsomesha mwanawe, Imamul Haramayn, naye akamsomesha Ghazali. Sisi tunaosomeshwa Minhaji ya Imam Nawawi misikitini mwetu twachota katika mfereji uliopita mikononi mwa fundi yule.

Lakini tazama mpango wa mambo. Qaffal hakutoka kwenye makufuli akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mwalimu. Alikaa kwanza chini. Sayyidna Umar (r.a.) aliwahimiza watu wajifunze dini kabla hawajafanywa wakubwa, na Imam Bukhari alipoipokea kauli hiyo aliongeza yake: na baada ya kufanywa wakubwa pia, kwani Masahaba walijifunza wakiwa watu wazima. Kwa nini kabla? Kwa sababu mtu akishakuwa mkubwa huona haya kusahihishwa. Heshima yake imetangulia, elimu yake iko nyuma, naye huogopa watu wasije wakauona mwanya ulioko katikati.

Kabla sijapewa mtoto hata mmoja nilikaa mwaka mzima mbele ya kijana wa miaka 23, ambaye babake nilikuwa nikicheza naye kandanda. Yeye akiniita Ami, nami nikimwita Maalim, na kila mmoja wetu akiona haya. Kazi yetu ilikuwa ulimi. Ulimi wa Mswahili una mazoea yake: dhad, dha na dhal hutoka sauti moja, ain humezwa, qaf hugeuka kaf. Mwenye kutamka kalb mahali pa qalb ameufanya moyo kuwa mbwa. Mtu aliyesoma hivyo miaka hamsini sikio lake halisikii tena tofauti, na asichokisikia hawezi kumsahihishia mtoto.

Lipo jambo ambalo ukarani ulinifaa. Mtoto mwerevu husoma sura nzima kwa kichwa huku kidole chake kiko mstari mwingine kabisa. Sauti ni nzuri, mwalimu aliyechoka huridhika, mzazi hufurahi. Dawa yake ni kumwekea kijiti kwenye herufi moja katikati ya mstari, au kumrudisha kinyumenyume kutoka mwisho wa aya. Bandarini gunia huhesabiwa kwa jicho. Hakuna karani anayeandika kwa kusadiki sauti ya kuli.

Lililo gumu zaidi ni neno "sijui". Imam Malik imesimuliwa kwamba aliulizwa maswali 48, na 32 katika hayo akajibu kuwa hajui. Huyo ni Malik! Mtoto wa miaka minane akiniuliza kama paka wataingia Peponi, nifanye nini? Kijana akijibu kwa kubahatisha, watoto hubisha. Mzee akibahatisha, maneno yake huchukuliwa nyumbani yakawa dini. Mvi hazipunguzi hatari ya kukosea. Huizidisha, kwa kuwa hakuna wa kukupinga.

Na sasa suala la fedha, ambalo watu hawapendi kulitaja. Mstaafu ana pensheni yake, kwa hivyo husema: mimi nitafundisha bure, nataka thawabu. Niya ni njema. Masahaba walipomsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu wakapewa mbuzi, Mtume (s.a.w.) aliukubali ujira ule, Mashafii wakajuzisha malipo ya kufundisha Qur'ani, na Mahanafi wa baadaye nao wakajuzisha baada ya wale wa mwanzo kukataza. Walijua kwamba mwalimu naye hula. Mzee akifungua chuo cha bure, wazazi huhamisha watoto, na Maalim kijana mwenye mke na watoto hubaki na mikeka mitupu. Baada ya mwaka utamkuta akiuza dukani, au ameshapanda ndege kwenda Ghuba kutafuta riziki. Sadaka ya mmoja imetoka kinywani mwa mwingine, na mtaa umepoteza mwalimu wa miaka arobaini ukapata wa miaka kumi.

Kwetu ada hulipwa kamili na sanduku hukaa kwa Maalim. Mimi nina wale wa alifu na be. Wakishaanza kuunganisha herufi huwapeleka kwake. Mzazi mmoja amemhamisha mwanawe kwenda penye bure, na bado twaamkiana vizuri.