Tuige lipi lililo chini ya muhogo?

Wako wanaosema kuwa maumbile yanatufundisha kupendana. Mimi siafiki. Pale Mingoyo, barabara ya Masasi inapochepuka, utakuta mihogo imechanganywa na kunde. Chini ya ardhi fangasi wameishika mizizi ya muhogo kwa nyuzi nyembamba, wanaupelekea fosfati, nao wanapata sukari. Juu ya nyuzi hizo wamo bakteria wanaokula sukari inayovuja, na wao huyeyusha fosfati iliyogandamana na udongo, fangasi wakafaidika. Ujirani mwema huo! Lakini udongo huwa na bakteria watoao sumu ya kuwaua fangasi. Nistatini, dawa ya fangasi iliyogunduliwa Marekani mwaka 1950, ilitokana na bakteria wa udongo wa shambani.

Sasa, ndugu msomaji, tuige lipi, ukarimu au sumu? Viumbe hao hawana taklifu. Mwenye taklifu ni yule anayewasha kiberiti mwisho wa kiangazi, akateketeza majani ya shamba zima na wengi wa majirani hao walio karibu na uso wa ardhi, naye anaita kusafisha.

Nasi tulio mjini, tulioachiwa mashamba na wazee wetu, tumewahi kumwuliza msimamizi anasafishaje?