Tafakuri ya Siku ya 25: Kilichopotea Hakijatupwa



Tumeshaingia kumi la mwisho. Najua wengine mnasoma hii mkiwa kwenye foleni ya mwendokasi, wengine mnasubiri adhana na kikombe cha uji mkononi. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Juzi baada ya tarawehe, kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi simu pale Kariakoo, alinivuta pembeni. Akatoa mfukoni kiboksi cha kiberiti. Ndani yake, juu ya pamba, kuna hereni moja ya mtoto. Ya dhahabu, ndogo kama choroko. Akaniuliza, "Kaka, hii ni yangu au si yangu?"

Kisa chake ni hiki. Mwaka jana alinunua ditekta, ile mashine ya kugundua chuma ardhini, kutoka kwa jamaa aliyekuwa akitafutia dhahabu Chunya. Ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja kama fagio la mti mrefu. Asubuhi ya siku ya pili baada ya Sikukuu, kabla wafagiaji hawajafika, akaenda nayo Mnazi Mmoja, pale watoto walipokuwa wakipanda bembea. Akapitisha mashine juu ya mchanga, ikilia anachimba. Alipata vizibo vya soda, misumari, sarafu za shilingi hamsini, mia, mia mbili na mia tano, jumla shilingi elfu saba na kitu. Na hereni hiyo.

Sarafu alizitumia siku ile ile. Hereni akaiweka. Alishawahi kusikia kwamba kitu cha kuokota kikikaa mwaka kinakuwa chako, basi akaanza kuhesabu. Sasa Sikukuu inakuja, mwaka unatimia, na sonara ameshamtajia bei. Kwa dhahabu ilivyopanda, ni kodi ya chumba ya mwezi na chenji inabaki. Na kodi yake imeisha, mwenye nyumba anagonga mlango. Msimcheke. Ukiwa huna kodi, swali la halali na haramu linakuwa zito kweli.

Mimi si mufti, kwa hiyo tulikwenda kwa sheikh. Sheikh akamuuliza jambo moja tu: "Ulimtangazia nani?"

Kijana akanyamaza.

"Basi mwanangu, mwaka wako haujaanza."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Katika mafundisho ya luqata, yaani mali iliyookotwa, Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mtu kuhusu kitu alichookota, naye akamwelekeza akijue vizuri kifuko chake na kamba iliyokifunga, kisha atangaze mwaka mzima. Mwenyewe asipotokea, aliyeokota anaweza kukitumia. Na hata baada ya hapo, mwenyewe akija, haki yake ipo. Imepokewa pia kwamba Ubayy bin Ka'b (r.a.) aliokota mfuko wa dinari 100, akaambiwa atangaze mwaka, na aliporudi akaambiwa atangaze tena. Mwaka ule ni wa kutangaza. Kuficha kitu kwenye kiberiti ukasubiri kalenda izunguke hakufanyi mali ya mtu ikawa yako.

Je, zile sarafu? Sheikh alilegeza kidogo. Kitu duni, ambacho mwenyewe akikipoteza harudi kukitafuta, hakihitaji mwaka. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuona tende njiani, na kilichomzuia asiile ni hofu tu kwamba isije ikawa ya sadaka. Lakini kipimo ni mwenye kupoteza, ndugu zangu. Shilingi mia tano kwangu ni chenji. Kwa mtoto aliyepewa mkono wa Idi, ilikuwa Sikukuu yake nzima. Sheikh akamshauri kijana: kiasi kama kile kitoe sadaka kwa niaba ya wenyewe, moyo wako upumue.

Mpaka hapo ni hukumu, na masheikh wanaijua kuliko mimi. Kilichoniweka macho usiku ule ni swali jingine. Kuna tofauti gani kati ya mtu aliyejikwaa kwenye kitu na mtu aliyetoka nyumbani kwenda kutafuta walivyopoteza wenzake?

Aliyejikwaa hakuchagua. Anapita Mtaa wa Msimbazi, jicho linaanguka kwenye pochi, amana imemvamia. Lakini mwenye mashine ameamka alfajiri, ameweka betri, amekwenda makusudi mahali ambapo jana akina mama walikuwa wakihangaika na watoto. Amekwenda kuvuna hasara ya watu.

Najua wapo watakaosema: mbona nchi hii watu wanatafuta rupia za Mjerumani kila siku? Kweli, habari hizo hazijawahi kuisha tangu sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zilipogongwa Tabora mwaka 1916. Lakini hizo ni habari nyingine. Hazina za kale kabisa zina mlango wake katika fiqhi, unaitwa rikazi, na humo moja ya tano inatolewa. Mambo ya kale yana sheria yake ya nchi pia, tangu 1964. Hereni ya mtoto aliyepanda bembea mwaka jana haingii huko. Mwenyewe yu hai. Pengine anakaa Ilala, pengine Magomeni, na sikio lake moja halina kitu.

Niwape kisa cha nyumbani kwetu. Nilipokuwa mdogo, mama alipoteza mkufu siku ya Idi. Tulikuwa tumetoka, tumerudi, mkufu haupo. Nyumba ilipekuliwa mpaka chini ya magodoro. Mwisho lawama ikamwangukia dada wa kazi. Hakuna aliyemwona akichukua, ila alikuwa ndiye wa mbali kuliko wote mle ndani. Akafungashiwa nguo zake, akarudishwa kwao. Mkufu haukuonekana mpaka leo. Inawezekana ulikatika uwanjani. Inawezekana kuna mtu aliuokota, akamshukuru Mungu kwa riziki, akauza.

Huyo mtu hakuiba kwetu. Lakini mkononi alishika ushahidi wa msichana mmoja, bila kujua. Angebandika kikaratasi kimoja tu ukutani, yule dada angebaki na jina lake.

Ndiyo maana nasema kilichopotea hakijatupwa. Anayetupa kitu amekiachilia kwa moyo wake. Anayepoteza hajaachilia, mkono ndio umeachia, moyo bado umeshika. Mashine inalia kwa sababu kuna chuma pale chini, basi. Hata kutofautisha vizuri pete ndogo ya dhahabu na kipande cha karatasi ya sigara inayong'aa haiwezi, mpaka uchimbe uone. Sembuse ikwambie ni cha nani? Hilo limeachiwa wewe.

Na hapa ndipo funga inapotufundisha. Sisi tunaofuata Shafi, tunajua nia ya funga ya Ramadhani inawekwa usiku, kila usiku, kabla ya alfajiri. Kwa nini mapema hivyo? Naona kwa fahamu yangu ndogo kwamba mchana, njaa ikishauma, moyo unatafuta visingizio. Na mwenye mashine ni vivyo hivyo. Nia yake lazima itangulie mlio. Ukitoka nyumbani umeshaamua kwamba chochote cha thamani utakachopata utakitangaza, wewe ni mhudumu wa watu. Ukisubiri uone kwanza dhahabu inang'aa kiganjani ndipo uamue, umechelewa. Mwenye nyumba atakuwa anagonga na sonara anataja bei, na wewe utasikiliza hao wawili tu. Masheikh wanasema pia kwamba anayeokota kwa nia ya kukila tangu mwanzo, hata kikipotea mkononi mwake bila uzembe, deni ni lake.

Kwa hiyo kwa mwenye kuokota, kwa mashine au kwa macho, mambo matatu ya kushika:

Moja, tangaza mahali watu walipo: sokoni, kwenye kijiwe, mlangoni mwa msikiti. Ndani ya msikiti tumekatazwa kutangaza vilivyopotea.

Mbili, usipige picha ukaweka status. Ukionyesha kila kitu, utawajuaje wenyewe? Sema umeokota kitu cha thamani, siku fulani, mahali fulani. Anayekuja ndiye aeleze.

Tatu, ukichimba, fukia. Watoto wanakimbia pale.

Kijana wetu hakuuza. Jana amebandika karatasi kwenye ukuta wa fremu yake: "Aliyepoteza kitu Mnazi Mmoja Sikukuu iliyopita, aje aseme ni nini." Mpaka napoandika, wamekuja akina mama wawili. Mmoja ametaja pete, mwingine bangili. Hereni bado ipo kwenye kiberiti, na kodi bado hajalipa. Sisi jirani zake tumeanza kuchangishana, na huo nao ni mtihani wetu, maana ni rahisi kumwambia mtu awe mwaminifu huku tukimwangalia akitolewa vitu nje.

Swali la kulala nalo leo: ni kitu gani cha mtu kipo kwako, kabatini, kwenye simu, kwenye M-Pesa iliyokosewa namba, ambacho unasubiri tu mwenyewe asahau?

Ewe Mola wetu, turudishie tulivyopoteza, na utupe nguvu ya kurudisha tulivyookota. Tukubalie funga zetu na kisimamo chetu. Aamin.

Futari njema. Tukutane kesho inshaAllah.