Mtoto wa Mama Mfanya Kazi Ni Juu ya Nani?

Watu wengi husema kwamba mama amwachaye mtoto wake mchanga mikononi mwa mtu wa kulipwa, amemtupa. Neno hili twalisikia mara nyingi, nasi twataka kulipima, kwa kuwa wasemao hivyo pengine hawakuuliza kwanza kwa nini amemwacha.

Katika mji wa Paris, mwaka 1844, palikuwa na mtu aitwaye Firmin Marbeau, naibu wa meya wa mtaa mmoja. Alipewa kazi ya kukagua nyumba zilizotunza watoto wa maskini, akaziona ni njema. Lakini zilipokea waliotimiza miaka 2 tu. Akajiuliza, Na wale wadogo zaidi hukaa wapi? Mama zao walikuwa wafua nguo na wafanyao vibarua. Asiyekwenda kazini hakula. Basi kitoto kiliachwa kwa jirani, au kwa nduguye ambaye naye ni mtoto, au kwa mlezi ambaye ujira wake ulimega sana ujira wa mama.

Mwezi wa Novemba mwaka ule, Marbeau na wenzake wakafungua nyumba huko Chaillot, wakaiita crèche, maana yake hori la kulishia ng'ombe, kwa kumkumbuka Mtoto aliyelazwa humo kwa kukosa mahali. Mama alilipa senti 20 za Kifaransa kwa siku, akaja mchana kumnyonyesha mtoto wake, na jioni akaenda naye nyumbani. Walikuwako waliosema kwamba nyumba hii itawasahaulisha akina mama wajibu wao. Sisi twaona kwamba atokaye kazini kuja kunyonyesha, kisha akarudi kazini, hajasahau neno.

Lakini palikuwa na sharti ambalo kila tulifikiripo latukera. Mama ilimpasa awe maskini, awe mfanya kazi nje ya nyumba yake, tena awe mwenye mwenendo mwema. Mawili ya kwanza twayafahamu. La tatu je? Kitoto cha miezi 3 kimekosa nini? Mlango ukifungwa kwa sababu ya mwenendo wa mama, anayebaki nje ni yeye asiyejua hata kusema.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kulifanya jambo hili kuwa sadaka, maana mtoa sadaka huchagua ampendaye. Lakini shati la bwana wa Paris lilifuliwa na nani? Alipolivaa safi, alikuwa amekwisha kupokea kitu kutoka kwa mama yule, na kutoka kwa mtoto wake pia. Hiyo si sadaka tena, ni deni. Leo huko Ufaransa nyingi za nyumba hizi ni za miji, hulipiwa kwa fedha za watu wote, na mzazi huchangia kwa kadiri ya pato lake. Ingawa nafasi hazitoshi hata sasa.

Nasi wa vijijini tusijione wema kupita hao. Mama alimapo, mtoto yuko mgongoni. Jua likizidi, hupewa dada yake wa miaka 7, na siku hiyo dada haendi shule. Mahindi ya shamba lile twayala sote, wala hatujamhesabu dada yule miongoni mwa waliolima.